Uvimbe kando ya jicho lililowahi kuchomwa miale: maswali tunayoulizwa sana Malindi na Lamu

Haya ni maswali ya watu wa huku kwetu, mengine yanakuja kwa voice note ndefu usiku, mengine kibarazani baada ya isha. Nimeyaacha vile yalivyoulizwa. Mimi si daktari, ila hii habari nimekaa nayo muda mrefu na majibu ni yale madaktari wa macho na wa kansa wanakubaliana. Nikisema kuchomwa nakusudia ile miale ya kutibu kansa, si eksirei ya kifua.

Binti yangu alichomwa jicho akiwa mdogo, akapona. Sasa ni mtu mzima na hapa kwenye panja pamevimba. Ndio ile kansa imerudi?

Inawezekana lakini baada ya miaka yote hiyo daktari atafikiria kitu kingine kwanza. Ile kansa ya jicho la watoto, retinoblastoma, ile ambayo mboni inang'aa nyeupe ukimpiga mtoto picha na flashi, ikirudi kawaida hurudi mapema, miaka miwili mitatu ya mwanzo. Uvimbe unaoota miaka kumi au ishirini baadaye, tena pale pale miale ilipopita, mara nyingi ni kansa mpya kabisa ambayo haihusiani na ile ya kwanza isipokuwa kwamba matibabu ya ile ya kwanza ndiyo yaliyoifungulia njia. Na hii tofauti si maneno matupu manake dawa yake ni nyingine, upasuaji wake mwingine, mtu akitibiwa kama ya zamani imerudi anapoteza muda.

Madaktari walianza kuzitenganisha kitambo. Mwaka 1948 Cahan na wenzake kule New York waliweka masharti ya kuita kansa ya mfupa kuwa imeletwa na miale: iwe imeota mahali palipochomwa, maabara ionyeshe ni aina tofauti na ugonjwa wa kwanza, na ipite miaka kadhaa, wao walisema kama mitano, mtu akiwa mzima bila shida. Mpaka leo wanaenda na hayo hayo na marekebisho madogo.

Sasa miale si ndiyo dawa? Inakuwaje dawa ilete kansa?

Ni dawa kweli. Inaua seli za kansa kwa kuzivunja zile nyuzi za ndani zinazobeba maagizo ya mwili, DNA. Shida ni kwamba miale haichagui, inapita kwenye mfupa wa shimo la jicho, ngozi ya kope, tezi, misuli, na baadhi ya seli nzima zinajeruhiwa bila kufa. Nyingi zinajirekebisha. Moja moja inajirekebisha vibaya, inakaa kimya miaka, halafu siku moja inaanza kujizidisha.

Kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya jeni ya RB1, kipande kimoja cha hiyo DNA, hatari ni kubwa zaidi. Hiyo jeni iko kwenye kromosomu namba 13 na kazi yake ni kuzuia seli zisijigawe ovyo. Kila mtu ana nakala mbili. Huyu mtoto amezaliwa moja ishaharibika mwili mzima, ni kama jahazi lililotia nanga mbili na kamba moja ishakatika, likishikwa na ile moja tu, na miale ikigonga ile moja hakuna tena cha kuzuia. Daktari wa Marekani anaitwa Knudson alilipiga hesabu hili mwaka 1971 kabla hata jeni yenyewe haijaonekana, ikaja kupatikana 1986.

Nani hasa anafaa kuwa na wasiwasi?

Nambari moja ni aliyekuwa na retinoblastoma ya kurithi na akachomwa. Ya kurithi maanake si lazima baba au mama alikuwa nayo, wengi ndio wa kwanza kwao. Mtoto ambaye macho yote mawili yaliugua, hiyo hesabu ni ya kurithi moja kwa moja. Wa jicho moja wengi si ya kurithi lakini kama 15 kwa 100 wanayo, na huwezi kujua kwa kumtazama, ni kipimo cha damu.

Nambari zenyewe ni za Marekani, walifuatilia watu waliopona wakiwa watoto wakatoa hesabu mwaka 2005. Katika miaka 50 baada ya ugonjwa wa kwanza, wale wa kurithi kama 36 kwa 100 walipata kansa nyingine, wale si wa kurithi kama 6 kwa 100. Halafu ndani ya wale wa kurithi, waliochomwa walifika 38, ambao hawakuchomwa 21. Sasa ziangalie hizo mbili za mwisho vizuri. Hizo ni kansa za mwili mzima si za jicho peke yake, na zinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: miale inaongeza, lakini hata bila miale hatari ipo kwa sababu ya jeni. Watu wanasikia nusu moja tu wanaenda nayo.

Umri nao una neno. Waliochomwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja ndio walioumia zaidi, waliochomwa baada ya hapo baadhi ya tafiti zimeona hatari yao ni ndogo zaidi. Ndio sababu madaktari wa leo wanafanya kila njia wasimchome mtoto mchanga.

Wengine ni wale waliochomwa kichwa au uso kwa ugonjwa mwingine, uvimbe wa ubongo, kansa ya pua na koo. Hatari yao ni ndogo lakini ipo. Hata zamani watoto walichomwa kichwa kwa mapunye, ndio mapunye hayo hayo! Israel kati ya 1948 na 1960 maelfu ya watoto walifanyiwa hivyo kwa dozi ndogo tu, na walipofuatiliwa ukubwani uvimbe wa utando wa ubongo, meningioma, ulikuwa mwingi kwao kupita wenzao. Huo ukiota nyuma ya jicho unalisukuma mbele.

Baada ya miaka mingapi mtu anaweza kusema nimevuka salama?

Hakuna. Najua si jibu mtu anataka lakini ndilo. Nyingi huonekana kati ya miaka mitano na ishirini, kansa ya mfupa inapenda sana ule wakati wa kubalehe na ujana, na meningioma inaweza kungoja miaka thelathini na zaidi. Kwa hivyo aliyechomwa miaka ya tisini akiwa mtoto, leo ana mke na watoto na amesahau kabisa, huyo bado yuko kwenye hesabu.

Ni uvimbe wa aina gani?

Aina ni nyingi. Inayoongoza ni sarkoma, yaani kansa ya mfupa au ya misuli na nyama laini, osteosarkoma, ile ya mfupa, ndiyo inatajwa zaidi. Kuna kansa ya tezi za mafuta za kope, hii nitaisema chini manake ni mjanja. Kuna za ngozi pia, pamoja na melanoma, na kuna meningioma ambayo mara nyingi si kansa kali lakini mahali ilipo ndio tatizo.

Hapa nitoe tahadhari. Huku kwetu mtu mzima akiwa na kinyama cheupe au chekundu juu ya jicho lenyewe na hajawahi kuchomwa maishani, hiyo ni habari nyingine. Kansa ya ngozi nyembamba ya jicho iko sana Afrika Mashariki, inaletwa na jua kali na inaenda haraka kwa wenye virusi vya ukimwi. Inatibika vizuri ikiwahiwa. Nenda kaonekane, lakini usichanganye mafaili.

Dalili gani nisizipuuze?

Uvimbe wowote unaokua kwenye panja, nyusi, kona ya jicho au shavu la upande uliochomwa, hata kama hauumi, hasa kama hauumi manake ndio unaachwa. Jicho kusukumwa mbele au pembeni, kuona viwili viwili. Kwa aliyetolewa jicho, lile la bandia likianza kutokaa vizuri, linatoka lenyewe, linabana, au shimo linatoa damu au uchafu usioisha, usikimbilie kubadilisha jicho la bandia, kwanza shimo lenyewe litazamwe. Pua ya upande mmoja kuziba wiki na wiki na kutoka damu. Shavu kufa ganzi. Meno ya juu kulegea bila sababu.

Sisemi kila moja ni kansa, pua inaziba kwa mafua kila kaskazi ikiingia. Nasema kwa mtu aliyechomwa haya yasivumiliwe zaidi ya wiki mbili tatu.

Mimi nina chokea tu, kinarudi rudi. Kuna haja?

Ulichomwa? Kama ndiyo, kuna haja. Ile kansa ya tezi za mafuta za kope inajifanya chokea, kipele kigumu kwenye ukope, mtu anapewa mafuta ya antibayotiki kinapungua kidogo kinarudi pale pale, au ukope mzima unakuwa mwekundu kama macho mekundu ya kawaida lakini upande mmoja tu, na nywele za kope zinanyonyoka. Watu wamezunguka na tyubu za dawa mwaka mzima. Chokea cha kawaida kinaisha, na kikirudi hakirudi tundu lile lile kila mara. Kikirudi mahali pamoja, sema wazi nataka kikatwe kipande kipelekwe maabara.

Mwanangu alitolewa jicho lakini hakuchomwa. Tumeepuka?

Mmeepuka hatari ya miale. Kama ni ya kurithi ile ya jeni bado iko, rudi kwenye zile nambari hapo juu.

CT skani na eksirei nazo si miale?

Ni miale lakini dozi iko mbali sana. Kutibu retinoblastoma walikuwa wanatoa grei 40 hadi 45 (grei ni kipimo cha dozi ya miale) zikigawanywa wiki nne tano, skani moja ya kichwa ni sehemu ndogo sana ya grei moja. Mtu wa kawaida akihitaji CT afanye. Ila kwa mwenye kasoro ya RB1, mtoto hasa, madaktari wanapendelea MRI ambayo haina miale ya aina hiyo kabisa, na ultrasaundi. Mwambie anayeandika fomu. Na kama ni dharura, mtu ameanguka na kichwa, hakuna MRI karibu, fanyeni CT msibishane mlangoni.

Nyumbani wanasema ni hasidi, kuna mzee anataka kumchanja juu ya uvimbe.

Dua mwombeeni, kisomo msomeeni, hakuna daktari atakayewakataza. Kuchanja hapana. Ngozi iliyochomwa miale haiponi kama ngozi nyingine, damu inayofika pale ni kidogo, kidonda kinaweza kukaa miezi, na kama ndani kuna kansa umeifungulia mlango. Dawa za kupaka zinazounguza nazo hivyo hivyo. Na wewe mama usigombane na wazee, waambie tu tunaanza na kipimo halafu tutarudi, wengi wanakubali wakiambiwa kwa adabu.

Niko Lamu. Nianzie wapi?

Anza King Fahd pale mjini, au kama uko Faza, Kiunga au Witu anza zahanati iliyo karibu, lakini usiondoke bila rufaa iliyoandikwa. Malindi utaanza hospitali ya serikali. Hapo usitegemee watagundua ni nini, unachotaka ni karatasi na mtu aandike neno moja muhimu: kwamba mahali hapa palichomwa miale mwaka fulani kwa ugonjwa fulani. Bila hilo neno utawekwa foleni moja na wenye macho ya kuwasha.

Mbele ni Mombasa. Lighthouse ni hospitali ya macho na wamezoea, Coast General wana kitengo cha kansa. Uvimbe wenyewe ukiwa wa mfupa au umeingia ndani sana mara nyingi mtapelekwa Nairobi, Kenyatta, au Kikuyu kwa upande wa macho. Huko ndio wanakaa pamoja daktari wa macho, wa pua na koo, wa ubongo na wa kansa, manake shimo la jicho limepakana na hao wote.

Safari yenyewe mnaijua, boti mpaka Mokowe halafu basi ya alfajiri, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa mgongo unauma. Kwa hivyo piga simu kliniki kabla hujaondoka uulize siku ya daktari mwenyewe, nyingine wanaona macho siku fulani tu, umefika Ijumaa umeambiwa rudi Jumatatu na pesa ya kulala huna. Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, iwe hai kabla ya safari, usiishughulikie ukiwa dirishani. Beba nakala za kila kitu, ile asili iache nyumbani.

Karatasi za zamani zilipotea. Hata sijui nilichomwa au nilipewa kemo tu, zile dawa za kansa za dripu.

Hii ndiyo inanisumbua kuliko zote, nami naona hapa ndipo tunapoumia huku pwani. Mtoto anapelekwa Nairobi na mama yake, anatibiwa, anarudi, mama anaficha habari ili binti asikose mume, mama anafariki, na ile siri inaingia kaburini. Huyu binti akija kuvimba anaulizwa ulitibiwa nini anasema niliumwa jicho utotoni.

Kwanza uliza shangazi, mjomba, yeyote aliyesindikiza. Swali zuri si ulichomwa, ni hili: alikuwa anaenda kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki kadhaa, analazwa chini ya mashine dakika chache bila sindano ya dawa ya kansa? Hiyo ni miale. Alikuwa anaenda kila baada ya wiki tatu anatundikiwa dripu, anatapika, nywele zinatoka? Hiyo ni kemo. Mwili nao una ushahidi wake: upande uliochomwa utotoni panja limebonyea, mfupa haukukua, uso hauko sawa pande mbili, nyusi na kope chache.

Pili andika kwa hospitali iliyotibu, idara ya rekodi, jina kamili la wakati ule na mwaka wa kuzaliwa na jina la mzazi aliyeandikisha. Kule kwetu majina yanabadilika, shuleni Mohamed Ali, hospitali Ali Mohamed Omar, toa yote. Wakikosa, muombe daktari wa sasa aandike kwenye faili "inadhaniwa alichomwa", inatosha kubadilisha jinsi watakavyomtazama.

Wanatibu vipi?

Kwanza picha, MRI na mara nyingi CT ya mfupa. Halafu bayopsi, kipande kinakatwa kinaenda maabara, hapa hakuna njia ya mkato na yule atakayekwambia ameshajua kwa macho usimkubalie. Osteosarkoma kwa kawaida ni kemo na upasuaji, wakiweza kutoa yote na ukingo mzima kuzunguka ndio matumaini makubwa, na kwenye uso huo ukingo ni mgumu kupata. Wakati mwingine inabidi kutoa kila kitu ndani ya shimo la jicho, kope na yote, ni operesheni nzito sitaificha. Ya kope ikiwahiwa ikiwa ndogo inakatwa na ukope unatengenezwa upya. Meningioma wakati mwingine inaangaliwa tu.

Kuchomwa tena? Mara chache, kwa hesabu kali, manake nyama za pale zimeshakula sehemu kubwa ya dozi zinayoweza kubeba. Daktari akisema hapana si kwamba amemkatia tamaa.

Basi mwanangu mdogo amegunduliwa juzi, nikatae miale?

Usikatae kitu kabla ya kuuliza. Tangu miaka ya tisini kemo imechukua nafasi ya miale kwa watoto wengi, pamoja na leza na kugandisha kwa baridi, na pale miale inapohitajika kuna njia ya kushonea kisahani kidogo chenye mionzi kwenye ukuta wa jicho siku chache kinatolewa, hapo mfupa unasalimika kwa kiasi kikubwa. Miale ya nje imebaki kwa hali chache. Lakini kama daktari anasema kansa imetoka nje ya jicho na inahitajika, ujue ile ya leo inaua ndani ya miezi, na hii tunayoizungumza hapa labda haitakuja kamwe.

Na wakikwambia jicho litolewe, litolewe. Watoto wengi Kenya wanafikishwa jicho limeshatoka nje, wengine kwa sababu familia ilikaa miezi ikijadili jicho.

Nikioa, watoto wangu?

Kama una ile kasoro ya RB1 kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Si marufuku kuoa, si marufuku kuzaa. Mtoto akaonwe na daktari wa macho wiki za kwanza za maisha na aendelee kuonwa mara kwa mara, ikishikwa ndogo jicho na uoni vinaokolewa mara nyingi bila miale yoyote.

Mvuvi anashinda juani, anavuta sigara. Ina maana?

Ina. Kofia pana na miwani ya jua baharini, na ngozi iliyochomwa ifunikwe, jua linaongeza juu ya yaliyopo. Sigara aache kabisa, waliorithi RB1 kansa ya mapafu nayo imeonekana kwao kupita kawaida.

Jicho langu lililochomwa limeanza kuona ukungu, ni uvimbe?

Pengine ni mtoto wa jicho, unakuja sana baada ya miale na unapasuliwa. Kukauka kwa jicho pia, na mishipa ya retina kuharibika miezi au miaka baada ya matibabu. Si uvimbe lakini nenda, ukungu wote unafanana ukiwa nyumbani.

Kijana wangu ana miaka kumi na mbili, nimwambie lini?

Sasa. Huu ndio umri kansa ya mfupa inaanza kujitokeza, na yeye ndiye atakayekipapasa kile kivimbe kwanza akiosha uso, si wewe. Mwambie kwa lugha nyepesi, ulikuwa na ugonjwa wa jicho ukatibiwa na miale, upande huu tunauchunga, ukiona kitu kipya niambie siku hiyo hiyo hata kama kuna mtihani. Mfundishe kusema mwenyewe kwa daktari, nilikuwa na retinoblastoma, nilichomwa. Kila mwaka aonwe jicho, uso na ngozi hata akiwa mzima. Halafu piga picha zile karatasi, mtumie kwa simu yake, mtumie na shangazi yake.